Breki za Nyuma

Matanga yalipoanuliwa na viti vya kanisani kurudishwa, Aroni alibaki na binti yake peke yao katika nyumba ya Kihesa, mjini Iringa. Aroni alikuwa fundi seremala. Mazungumzo ya nyumba ile siku zote yalikuwa ya mkewe, Faustina, na sasa Faustina alikuwa kaburini. Lea, mtoto wao wa pekee, alikuwa amelala chumbani amegeukia ukuta, mkono wake uliovunjika ukiwa ndani ya hogo jeupe la plasta.

Lea alikuwa muuguzi katika zahanati moja huko Mbalizi, ng'ambo ya jiji la Mbeya. Mama yake alikwenda kumtembelea. Siku ile walikuwa wametoka mjini kununua vitenge, wanashuka mteremko mrefu wa kuingia Mbalizi katika gari dogo la Lea. Chini ya mteremko palikuwa na fuso, lori la mchanga, lililoharibika, limesimama pembeni. Pikipiki ikawakata mbele ghafla. Lea akakanyaga breki. Gari halikusimama. Liliteleza likaingia nyuma ya fuso kwa upande wa kushoto, upande aliokaa mama yake.

Hayo aliwaeleza polisi. Baada ya hapo, kila aliyekuja kumpa pole, Lea alimwambia neno moja tu: "Nilichelewa kukanyaga."

Aroni alijaribu kumtoa hapo. Alimwambia dereva wa fuso ndiye mwenye kosa, kwamba hakuweka hata majani barabarani kuwaonya watu, kwamba polisi wanaye na kesi itasomwa.

"Fuso lilikuwa limesimama, baba," Lea alisema bila kugeuka. "Mimi ndiye niliyekuwa natembea."

Hakuwa akila. Veronika, jirani yao, alileta uji asubuhi akaukuta mchana umeganda juu. Alileta ndizi, alileta mtori, akafika mahali akawa anakaa tu kitandani karibu na miguu ya Lea na kusuka ukili. Lea alizidi kupungua. Uso wake ukawa na mifupa ambayo Aroni hakuwahi kuiona, akaitambua kuwa ni mifupa ya bibi yake, mama wa Faustina, siku zake za mwisho.

Halafu asubuhi moja Aroni aliamka akakuta mlango wa nyuma wazi. Lea alikuwa kwenye karakana, miguu mitupu juu ya takataka za randa, amesimama mbele ya rafu ya makopo. Pale Aroni aliweka vanishi, tina ya kuyeyushia rangi, na dawa ya mchwa anayopaka mbao kabla ya kuziunga.

"Unatafuta nini, mama?"

"Gundi," Lea alisema. "Ndala zangu zimeachia."

Hakuwa na ndala mkononi. Aroni alimshika bega akamrudisha ndani taratibu, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala. Kisha akarudi karakana, akakusanya makopo yote ndani ya gunia akayapeleka kwa Veronika. Veronika alilisukuma gunia chini ya kitanda chake, akajifunga khanga na kumfuata.

Siku hiyo hiyo alifika Sosthenes, ndugu yake Faustina, mfanyabiashara wa mahindi kutoka Makambako. Alikaa barazani na Aroni, akashusha pumzi, akasema maneno ambayo pengine kwake yalikuwa ya kupitisha wakati tu.

"Shemeji, hivi vigari vinatumaliza. Umeshatazama breki zake za nyuma? Havina diski. Vina ngoma, kama magari ya enzi za ujamaa. Mbele wanakuwekea diski ili uone wamefanya kazi, nyuma wanabana gharama. Gari alilopanda dada lingekuwa na diski pande zote, lingesimama."

Aroni aliinuka akamwacha shemeji yake na chai mkononi. Aliingia chumbani kwa Lea bila kubisha.

"Siyo wewe," alisema. "Ni gari. Breki za nyuma ni za ngoma. Zingekuwa diski lingesimama."

Lea akageuka. Tangu mazishi hakuwa amemtazama baba yake usoni.

"Nani kasema?"

"Mjomba wako."

"Mjomba anauza mahindi, baba." Lakini alijiinua kwa mkono mzima akakaa. "Fundi angesema, ningeamini. Fundi aliyelifungua lile gari, akaona kwa macho yake."

"Nitamfuata fundi."

"Kweli?"

"Kesho asubuhi."

Lea aliomba uji. Alikunywa nusu kikombe, Aroni akisimama mlangoni anahesabu mafunda bila kutaka, na usiku huo hakulala kwa jinsi lile tumaini lilivyomchoma.

*

Polisi walikuwa wameshalikagua gari na kuliachia, likawekwa kwenye gereji ya Masanja, fundi aliyelivuta kutoka barabarani. Masanja alikuwa Msukuma aliyekulia Ubaruku. Baba yake alihamia bonde la Usangu na ng'ombe, yeye akaacha ng'ombe akashika spana. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye mvi kifuani, na siku Aroni alipofika Mbalizi kwa basi la alfajiri, fundi alikuwa na haraka, magari mawili yakimsubiri na wenyewe wamekasirika.

Aroni aliliona gari kabla hajamwona fundi. Liliegemea ukuta wa matofali, upande wa kushoto umekunjwa kama karatasi. Ndani, juu ya kiti cha nyuma, kulikuwa bado na mfuko wa vitenge. Aligeuza macho haraka.

"Shikamoo mzee, mimi Masanja," alisema fundi, aliyemtambua kwa jinsi alivyolitazama gari. "Pole sana na msiba."

"Marahaba. Nimeshapoa. Nataka uzifungue breki za nyuma."

"Za nyuma?" Masanja alimtazama. "Gari hili halitengenezeki, mzee wangu. Hili ni la kuuza vyuma."

"Sitengenezi. Nataka kuziona ngoma."

Kulikuwa na kitu katika sauti yake kilichomfanya Masanja awaambie wale wenye magari wasubiri. Alipiga jeki, akalegeza nati, akavua tairi. Nyuma yake kulikuwa na kitu cha chuma cha mviringo, kama sufuria iliyofunikwa: ngoma yenyewe. Alikigonga kwa nyundo kukizunguka, kikaachia na kutoa vumbi jeusi. Ndani vilikaa vipande viwili vilivyopinda kama mwezi mchanga, vinatazamana.

"Hizi ndizo shuu," Masanja alisema. "Ukikanyaga breki zinatanuka, zinakwaruza ngoma kwa ndani, tairi linasimama. Tazama, bado nene. Binti alikuwa analitunza gari. Hapa ndipo mafuta ya breki yangevuja, pako pakavu. Mbovu hakuna."

"Sijauliza kama ni mbovu. Nauliza kwa nini ziliwekwa."

"Ziliwekwa vipi?"

"Kwa nini gari dogo wanaliwekea ngoma nyuma na siyo diski? Diski si ndiyo nzuri?"

Masanja alifuta mikono kwenye kitambaa. Swali hilo alikuwa ameshaulizwa na vijana wanaotaka magari yao yapendeze, akazoea kulijibu kwa mzaha. Safari hii alichuchumaa.

"Diski ni nzuri, inapoa upesi. Ndiyo maana wameiweka mbele, kwenye kazi. Ukifunga breki, mzee, mwili wako si unakwenda mbele? Na gari hivyo hivyo. Uzito wote unakimbilia tairi za mbele. Hili dogo, injini mbele, gia mbele, huku nyuma kuna nini? Kiti na tairi la akiba. Likifunga breki, nyuma linakuwa jepesi kama kapu tupu. Ukiweka breki kali huku, tairi za nyuma zitaganda kabla ya za mbele, gari litageuka mkia uwe kichwa. Breki ndogo huku ndiyo inayotakiwa, na ngoma inaiweza. Imefunikwa, matope ya mashamba ya mpunga hayaifikii ovyo. Inakaa miaka. Na hendibreki inakaa humo humo, haihitaji kifaa kingine."

"Na ni rahisi."

"Na ni rahisi. Hilo silikatai. Wangeweza kuweka diski, gari lingepanda bei, na wewe usingeona tofauti barabarani ila kwenye mlima mrefu na mzigo mkubwa."

Aroni alisimama akiitazama ile ngoma iliyolala mchangani. Alikuwa ametengeneza makabati maisha yake yote. Milango aliitengeneza kwa mninga, kwa sababu mlango ndio unaovutwa kila siku. Nyuma, panapokaa ukutani, aliweka plaiwudi, na hakuna mteja aliyewahi kudhurika. Aliyaelewa maneno ya fundi yote, na kuyaelewa kulimuumiza.

"Kwa hiyo zingekuwa diski nne," alisema polepole, "mke wangu…"

"Barabara ilikuwa na mchanga uliomwagika kutoka kwenye fuso, mzee. Juu ya mchanga hakuna breki. Samahani."

Aroni alikaa chini, pale pale penye grisi. Alipoanza kusema alisema akiwa ameinamisha kichwa, akieleza yote: ukuta, uji, rafu ya makopo, gunia chini ya kitanda cha jirani.

"Mimi ni mzee, naogopa kulala. Nikilala naona nitaamka nimkose. Mwambie ni ngoma. Neno moja tu. Anasubiri fundi aseme, nami nimemuahidi. Mpigie simu umwambie gari ndilo lililoua."

"Siwezi kusema hivyo. Siyo kweli."

"Nakuomba kama ndugu yangu." Aroni akasogea kwa magoti akashika suruali ya fundi, na wale wenye magari wakageuka pembeni. "Una watoto. Fanya kama ni wako."

Masanja alikuwa na watoto. Alimwinua Aroni kwa mabega, akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta wa kumsaidia. Mwishowe akanyoosha mkono apewe simu.

Lea alipokea mara moja, kana kwamba simu ilikuwa kiganjani.

"Mwanangu, mimi ni fundi Masanja wa Mbalizi. Nimelifungua gari." Aliitazama ile ngoma mchangani. "Breki za nyuma ni za ngoma. Zingekuwa diski… lingesimama."

Aroni, sikio karibu na simu, alisikia kuku wa Veronika wakilia kule Kihesa.

"Kuna magari yenye diski nyuma?" Lea aliuliza.

"Yapo. Yale makubwa kidogo."

"Nilionyeshwa magari mawili siku ya kununua," Lea alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, na utulivu huo ulikuwa mbaya kuliko kilio. "Lile lingine lilikuwa kubwa. Mama alilipenda. Mimi nikasema hili, linakula mafuta kidogo. Mama akasema, haya, chaguo lako."

"Lea," Aroni alisema. "Lea, mama, sikiliza."

Simu ilikuwa imeshakatika.

*

Alipiga tena, ikaita bila kupokewa. Akampigia Veronika. Veronika, aliyeachiwa kumwangalia Lea, alikuwa ameondoka dakika chache tu kwenda kuchota maji bombani. Aliporudi mbio, simu ya Lea ilikuwa inalia juu ya mto na kitanda kilikuwa kitupu.

"Angalia karakana," Aroni alisema.

"Nimeshaangalia, Baba Lea. Hayupo."

"Angalia chini ya kitanda chako."

Aliisikia pumzi yake akikimbia, mlango ukigongwa, kitu kikikokotwa sakafuni.

"Gunia lipo. Halijaguswa."

"Nenda makaburini. Nenda kanisani. Mtafute mchungaji, watafute vijana wa kwaya, waambie…" Hakujua wawaambie nini.

Masanja alikuwa ameshaingia ndani ya gari lake, nalo lilikuwa dogo vile vile, la bluu iliyopauka. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. "Panda, mzee. Nitakupeleka mimi mpaka Iringa. Uongo ule umetoka kinywani mwangu."

Waliupanda mteremko wa Mbalizi, wakapita mjini, wakapita Uyole, wakateremka kuelekea Chimala. Aroni hakumbuki alichokiona njiani. Anakumbuka mguu wake ukikandamiza sakafu ya gari kila walipokaribia lori, na Masanja akisema kila mara, "Nimeshaliona, mzee, nimeshaliona." Anakumbuka akimpigia Veronika na Veronika akisema bado. Makaburini hayupo. Kanisani hayupo. Vijana wanauliza barabara ya kwenda mtoni waifuate au waache.

"Waifuate," Aroni alisema, akafumba macho.

Aliomba. Hakuwa na maneno ya kanisani. Alimwomba Mungu kama anavyoomba mtu aliyeshikwa na mashine ya kukata mbao, neno lile lile tu, asimchukue na huyu.

Walikuwa wamesimama Igawa kituo cha mafuta simu ilipolia. Veronika alikuwa analia, na kwa muda Aroni hakuweza kuelewa kilio kile ni cha namna gani.

"Kaonekana. Dereva wa bajaji kampeleka stendi. Kapanda basi la Mbeya, Baba Lea. Ana kiti, kakata tiketi, kapanda. Dereva anasema kamuuliza unakwenda wapi na huo mkono, kasema nakwenda kuliona gari langu."

Masanja aligeuza gari pale pale.

Stendi ya Nane Nane, mjini Mbeya, walifika jua limeanza kuinama. Hawakujua ni basi gani. Basi la kwanza kutoka Iringa liliingia, wakasimama mlangoni, Aroni akitazama kila uso: mwanamke mwenye mtoto, askari, wanafunzi, mzee mwenye redio. Mlango ukafungwa. La pili vile vile. Wazo lilimjia kwamba basi huwa linasimama Makambako, na kwamba mtu anaweza kushuka Makambako akaingia popote. La tatu lilipoingia hakuweza tena kusogea. Alibaki ameshika nguzo, Masanja ndiye aliyekwenda mlangoni.

Ndipo akaona hogo jeupe. Lea alishuka wa mwisho, amevaa gauni la nyumbani na sweta ya mama yake, ndala zimetofautiana. Alipomwona baba yake hakushangaa.

"Nataka kuliona," alisema.

"Kesho, mama. Ulale kwanza, ule."

"Leo, baba. Kabla giza halijaingia."

Aroni alimtazama Masanja. Masanja akafungua mlango wa nyuma wa gari lake. Lea alisimama mbele ya mlango ule muda mrefu, mkono mzima umeshika fremu. Kisha akaingia. Aroni aliingia upande wa pili akamshika mkono.

Kwenda Mbalizi njia ni ile ile ya ajali. Walipoufikia mteremko, Masanja alirudisha gia, akashuka polepole mpaka malori yakawapigia honi kwa nyuma. Lea alikuwa amekaza macho kwenye dirisha la kushoto. Mchanga ulikuwa umeshafagiliwa. Kucha zake ziliingia kwenye kiganja cha Aroni naye hakuutoa mkono.

Gereji ilikuwa tupu. Gari lilikuwa bado limeinuliwa nyuma, ngoma imelala mchangani pale ilipoachwa. Lea aliizunguka bila kuigusa.

"Hii ndiyo ngoma?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu," Masanja alisema. Akavua kofia. "Nilikudanganya kwenye simu. Haikuwa na kosa lolote. Hata lile gari kubwa ungelinunua, juu ya mchanga ule lingefika pale pale."

"Mimi ndiye niliyemlazimisha," Aroni alisema. "Nilimpigia magoti."

Lea aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuwa anajua. "Basi ni mimi. Nilichelewa kukanyaga. Ndicho nilichokuja kusikia. Kila mtu ananificha."

Masanja alikwenda mbele ya gari, kwenye tairi la kulia ambalo lilikuwa halijaumia, akaliinua kwa jeki, akalizungusha kwa mikono mpaka akafika mahali alipopataka. "Njoo hapa. Weka kiganja."

Lea aliinama akaweka kiganja. Tairi lote lilikuwa na meno. Pale penye kiganja palikuwa laini, pana, pamekwanguliwa mpaka nyuzi zinaonekana.

"Kipara hiki tairi halikuja nacho," Masanja alisema. "Gari hili ni la zamani, halina ule mtambo wa kuzuia tairi zisigande. Ukikanyaga kwa nguvu zote, tairi la mbele linasimama kabisa, gari linaliburuta juu ya lami, linakwanguka mahali pamoja. Siku ile nilipokuja kulivuta niliona mistari miwili myeusi barabarani. Imeanza juu kabisa, mbali, inashuka mpaka penye mchanga. Kwenye mchanga inapotea."

"Mbali kiasi gani?"

"Sikupima. Mbali. Nilijiuliza ni nani aliyekuwa na mguu wa namna hiyo."

Lea hakuondoa kiganja kwenye tairi. "Kwa hiyo sikuchelewa?"

Aroni alimwomba fundi kwa macho aseme ndiyo. Masanja alimwona, akatazama chini, akatafuta namna.

"Hilo sikuwepo kuliona, ng'wanawane, mwanangu. Pengine kulikuwa na nukta moja ulitazama pikipiki, sijui. Sitakudanganya mara ya pili. Ninachokijua ni hiki unachokishika. Ulikanyaga kwa nguvu zako zote, na hukuachia."

Lea alipiga magoti. Sauti iliyomtoka haikuwa na neno ndani yake, ilikuwa kama mtu aliyepigwa tumboni, na baada ya hapo ilikuja nyingine, na nyingine, mpaka mwili wote ukawa unatikisika dhidi ya lile tairi. Tangu siku ya ajali hakuwa amelia, hata pale jeneza liliposhushwa. Aroni alikaa chini nyuma yake akamshikilia ili asijigonge mkono uliovunjika. Aliogopa sana. Hakujua kama kilio kile kinamtoa alipokuwa au kinampeleka ndani zaidi.

*

Usiku ulipoingia walikuwa nyumbani kwa Masanja. Mkewe, Mbuke, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alichemsha maji akamwogesha Lea mwenyewe, akiukinga mkono wenye hogo kwa mfuko wa nailoni. Akampa wali wa Ubaruku na maziwa mgando. Lea alikula matonge machache akasukuma sahani, kisha baadaye kidogo akaivuta tena. Halafu akaanza kulia upya, na Mbuke akamlaza kichwa mapajani mwake akamwacha alie.

Aroni na Masanja walikuwa wamekaa nje, kwenye benchi, wanasikia kilio kupitia ukutani.

"Atapona?" Aroni aliuliza.

"Sijui, mzee."

"Kesho nitampeleka hospitali. Wapo wanaozungumza na watu wa namna hii. Yeye mwenyewe ni muuguzi, anawajua. Nilikuwa naona aibu."

"Mpeleke."

Kilio kilipungua kikawa kwikwi, kikapanda tena. Veronika alipiga simu, Aroni akamwambia amepatikana, yupo, anakula.

"Mama yake Lea alikuwa mtu wa namna gani?" Masanja aliuliza.

Tangu msiba watu wote walikuwa wamemwambia Faustina alikuwa mwema, naye aliitikia. Hakuna aliyekuwa ameuliza.

"Mbishi," Aroni alisema. Akajikuna kidevu. "Siku moja tulikwenda Idodi kununua mbuzi. Mwenye mbuzi akataja bei. Faustina akamwambia, baba, huyu mbuzi wako anachechemea. Mbuzi hakuwa anachechemea hata kidogo. Yule bwana akamzungusha mbuzi uwanja mzima, mara hii, mara ile, mpaka mwenyewe akaanza kuona anachechemea."

Masanja alicheka kwa chini. Ndani kwikwi zilikuwa zimetulia, na sauti ya Lea, iliyokauka, ilisikika kupitia dirishani ikimwambia Mbuke kwamba hapana, baba anakosea, haikuwa Idodi, na alikuwa kondoo.

Aroni alikaa bila kupumua, akisubiri aendelee.